Kikaragosi Aliyepiga Hodi

Niliombwa kujibu swali moja tu: je, filamu ile inawafaa watoto ambao hawajafikia umri wa kwenda shule? Karatasi ya kujibia, kutoka ofisi ya sinema, ilikuwa ya ukurasa mmoja, imepigwa taipu kwa Kiswahili cha ofisini, na chini yake palikuwa na mstari wa kutia sahihi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kutaka maoni yangu kwa maandishi. Nilifurahi, na furaha hiyo ilinipofusha.

Kazi yangu ilikuwa kuwatunza watoto wa wachumaji katika shamba moja la kahawa kwenye bonde la Subukia. Mama zao waliniachia asubuhi wakielekea mashambani, na wakaja kuwachukua saa kumi hivi, buni ikishapimwa. Waliniita mwalimu, ingawa shuleni sikupita darasa la pili. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye magazeti ya zamani ambayo watu wa kwetu walibandika ukutani kwa uji wa unga ili kuzuia upepo. Nilizimaliza kuta zote nne za chumba chetu, kisha nikaanza kuomba magazeti kwa majirani. Mtu aliyejifundisha hupenda sana vipimo, kwa sababu hana wa kumwambia kwamba amekosea. Mimi niliweka daftari la mahudhurio bila kuagizwa. Kila mtoto aliyekosa nilimwandikia sababu: homa, mvua, kafiwa, kapelekwa kwa nyanya yake. Memsahibu, mke wa mwenye shamba, alipoliona alilipenda, na tangu siku hiyo karani akawa analichukua kila Ijumaa na kulirudisha Jumatatu.

Filamu ilikuja kila Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, kwa gari la sinema kutoka Nakuru. Tulitumia ghala la mahindi. Tulitundika magunia madirishani hadi giza likaingia, tukafunga shuka nyeupe ukutani. Gari lilibaki nje na injini yake ya umeme ikinguruma, na juu ya paa lake kulikuwa na bomba kubwa la kupazia sauti lililoelekezwa bondeni. Filamu zenyewe zilitoka ng'ambo na hazikuwa na maneno. Maneno aliyatia mtu aliyesimama kando ya shuka na kipaza sauti mkononi, akitazama picha na kusema lolote aliloona linafaa, au lolote aliloagizwa. Tulimwita msemaji. Alikuwa mcheshi, mnene kidogo, na viatu vyake viling'aa hata siku za matope.

Siku hizi jirani yangu hapa mjini ana televisheni, na juzi aliniuliza kama kipindi cha watoto wadogo kina faida. Nilimwambia nitakitazama kwanza. Alicheka, akasema ni vikaragosi tu. Ni kweli. Na sisi kule Subukia tulionyeshwa kikaragosi tu.

Kilikuwa kibibi kizee cha kitambaa, macho yake vifungo viwili, na mdomo wake ulipofunguka ndani mlikuwa na giza. Kilikwenda nyumba hadi nyumba. Kwa kila mlango kilibisha, mlango ukafunguka, na ndani mkaonekana wakazi: paka na watoto wake, au baba, mama na mtoto mchanga. Msemaji alikitia sauti ya kikongwe.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Watoto walipaswa kujibu, "Karibu!"

"Nyumbani kuna nani?"

Wakataja waliowaona, mmoja mmoja, na kuwahesabu. Kisha kikaragosi kiligeuka. Kiliwaelekea watoto wenyewe, mdomo wazi, kikakaa hivyo bila kusogea kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia. Waliokitengeneza waliacha nafasi ile ili mtoto aulizwe kuhusu nyumba yake mwenyewe, ajifunze kutaja jamaa zake. Niliona ni ufundi mzuri. Niliandika hivyo.

Nilijiwekea maswali matatu ya kupimia. Je, watoto wanatazama hadi mwisho? Je, wanaitika? Je, wanayachukua waliyojifunza na kuyatumia baadaye, wakiwa peke yao? Alhamisi ya kwanza swali la pili lilinipa jibu la ajabu. Watoto wa laini ya juu, yaani safu ya juu ya nyumba za wafanyakazi, ambao wazazi wao walitoka upande wa magharibi kama mimi, waliitika kwa kelele. Watoto wa laini ya chini walikaa kimya. Laini ya chini ilikuwa ya Wakikuyu, zile familia chache zilizobakishwa baada ya serikali ya wakoloni, kwa hofu ya wapiganaji wa msituni, kuwapakia wenzao kwenye malori na kuwarudisha rizavu, eneo walilotengewa. Kikaragosi kilipiga hodi na watoto wale wakaacha hata kutafuna. Mmoja alimziba mdogo wake mdomo kwa kiganja. Niliandika: "Wasioitika: wote wa laini ya chini. Huenda wamechelewa kusema." Nikayapanga majina yao kwenye jedwali.

Kisha nikaanza kuwarekebisha, kwa kuwa mimi si mtu wa kuacha jedwali likiwa na pengo. Kila asubuhi nilichukua mlango wa kreti ya mbao, nikajificha nyuma yake, nikabisha. Aliyeitika nilimpa kipande kidogo cha sukari guru. Siku za mwanzo walinitazama tu. Palikuwa na msichana wa miaka minne, mwembamba, mwenye kovu dogo la moto juu ya nyusi, ambaye alikaa kimya kuliko wote. Nilianza na yeye. Nilibisha, nikangoja, nikabisha, nikangoja. Siku ya tano alisema "karibu" kwa sauti iliyotoka kama kikohozi, kisha akaangalia mlangoni, kana kwamba kuna mtu atakayeingia kumpiga. Hakuingia mtu. Akacheka. Baada ya wiki tatu hakuna aliyemshinda. Wakati wa mchezo niliwaona wakibishiana hodi kwenye vumbi, wakiulizana nyumbani kuna nani, na swali langu la tatu nalo likapata alama.

Memsahibu alilisoma jedwali akiwa amesimama kwenye veranda.

"Hii mzuri sana," alisema. "Wewe iko na akili. Mimi nataka tuma hii kwa bwana ya sinema."

Alhamisi iliyofuata msemaji alinifuata hadi jikoni nilikokuwa nikiosha vikombe.

"Mwalimu wetu! Hawa watoto umewalisha nini? Midomo yao imeshinda redio ya dukani."

"Ni mazoezi tu."

"Na wale wa laini ya chini? Wale mabubu?"

"Hawakuwa mabubu. Wanaitika."

"Wote?"

"Wote."

"Wote kabisa?" Alikuwa bado anatabasamu. "Haya. Ofisini watafurahi."

Niliosha vikombe vilivyobaki nikiimba.

Jumatatu mama wa yule msichana aliniletea mtoto mapema, akabaki amesimama hadi wenzake wakaondoka. Kikapu cha kuchumia kilikuwa kimefungwa kiunoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hadi siku hiyo tulikuwa tumesalimiana tu.

"Mwalimu, ni nani alikwambia mtoto wangu ni mjinga?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Ulimwandika. Karani alitusomea, akicheka. Ati amechelewa kusema."

"Hiyo ilikuwa zamani. Sasa ndiye wa kwanza."

"Najua. Jana nyapara alipita kwangu akitafuta jembe. Akapiga hodi. Mtoto akaitika karibu kabla sijainuka."

"Si ni adabu?"

Sikuona hasira usoni mwake. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama ng'ombe aliyekanyaga kibuyu.

"Kwenu ni adabu. Sisi tulimfundisha kunyamaza kabla hajajua kutembea. Kukipigwa hodi, kimya, mpaka mama aseme. Hata wale wa kuja bila hodi, kimya. Ilituchukua mwaka mzima. Wewe umeivunja kwa wiki tatu, na sukari."

Nikaanza kusema kitu, naye akaendelea kwa sauti ileile ya chini.

"Baba yake yuko."

Nilijua kwamba hakupaswa kuwapo. Alikuwa mchungaji kwenye shamba la ng'ombe kule Ndabibi. Alikataa kupigwa picha ya kitambulisho kipya, akapakiwa kwenye lori kwenda rizavu na wenzake. Akarudi, mama alinieleza. Alitembea akiuzunguka mlima Longonot, akapita kando ya reli, na sasa alikuwa na siku kumi na moja darini, juu ya jiko la mkewe, pale wanapokaushia kuni. Alishuka giza likiingia tu. Mtu kama yeye akishikwa hakurudishwa rizavu tena. Alipelekwa kambi ya kizuizini, na tulikuwa bado hatujamwona aliyerudi kutoka huko.

"Nakwambia," alisema, "kwa sababu mtoto atakwambia kabla yangu."

"Basi asije Alhamisi."

"Na daftari lako? Utaandika nini? Homa? Karani atatuma dresa wa zahanati aje aangalie hiyo homa. Mtoto mmoja wa laini ya chini akose siku ya sinema, na ndiye yule hodari? Wewe mwenyewe umewafungulia dirisha, mwalimu. Funga sasa."

Akaenda kazini. Nilikuwa na siku tatu.

Nilidhani kinachofundishwa kinaweza kufutwa kwa njia ileile. Nilimchukua msichana nyuma ya nyumba, nikabisha kwenye mlango wa kreti na kuweka kidole midomoni. Alifurahi. Aliona ni hatua mpya ya mchezo uleule. Nilibisha, naye akaweka kidole chake midomoni, akaniinamia, akanong'ona, "Karibu." Nikatikisa kichwa. Akanong'ona zaidi. Kufikia Jumatano nilichofaulu kumfundisha ni kuitika kwa mnong'ono mdogo kiasi kwamba mimi niliyekuwa hatua moja kutoka kwake nilishindwa kuusikia. Nikajiambia kwamba mnong'ono katika ghala lililojaa watoto ni sawa na kimya. Nikapanga pia kumketisha nyuma kabisa, kando yangu.

Alhamisi gari lilikuja na mtu wa pili. Alivaa kofia ya kahawia na koti ambalo joto la siku ile halikulihitaji. Aliingia ghalani bila kusalimu, akaketi juu ya gunia la mahindi karibu na mlango, akaweka kijitabu gotini. Msemaji hakututambulisha. Alikuwa na karatasi mpya mkononi, na kwenye kipaza sauti chake ulikuwa umefungwa waya mrefu ambao sikuwahi kuuona, mrefu wa kutosha kumfikisha kila pembe ya ghala.

"Wale wa laini ya chini wakae mbele leo," alisema. "Wameendelea sana, tuwape heshima."

Watoto wenyewe walikimbia mbele, na msichana akauchomoa mkono wake kutoka kwenye wangu.

Filamu ilikuwa ileile. Kikaragosi kilibisha, milango ikafunguka, paka wakahesabiwa. Kilipogeuka na kubaki mdomo wazi, msemaji alitembea hadi mstari wa mbele, akamwinamia mtoto wa kwanza.

"Hodi! Nyumbani kuna nani?"

"Mama. Na mbuzi!"

Wote wakacheka, hata msemaji. "Mbuzi analala ndani?"

"Ndiyo!"

"Na nani mwingine analala ndani?"

"Kuku!"

"Na nani mwingine?"

Mtoto akafikiri. "Hakuna."

Sauti zao zilitoka kwenye bomba la nje, zikaenda bondeni na kurudi zikiwa zimechelewa kidogo, kama za watoto wengine walio mbali. Mtu wa kofia hakuwa ameandika kitu bado. Msemaji akasogea. Aliyefuata alikuwa na mama na dada. Aliyefuata alikuwa na shangazi mgonjwa, na msemaji akauliza shangazi alikuja lini. Baada yake alikuwa yule msichana, ambaye tayari alikuwa amepiga magoti, mkono juu.

Nilikuwa kando ya dirisha. Nilishika gunia kwa mikono miwili, nikalivuta likang'oka pamoja na misumari yake.

Jua la saa tisa likaingia lote. Kikaragosi kikatoweka, na ukutani ikabaki shuka yenye madoa. Watoto wakalia kwa kunyimwa.

"Mwalimu?" alisema msemaji.

"Hewa. Watoto wamekosa hewa."

"Hewa inatosha," alisema mtu wa kofia. Ndiyo maneno pekee niliyomsikia akisema.

Msemaji alinitazama, kisha akamtazama yule. Ucheshi ulikuwa umempotea, na nikaona kwamba naye alikuwa mtu anayeogopa kazi yake. Akajifuta jasho. "Si neno," alisema. "Picha si lazima." Akachuchumaa mbele ya msichana, akaitoa ile sauti ya kikongwe.

"Hodi!"

Msichana aligeuka kwanza kunitazama mimi. Akakumbuka. Akaweka kidole midomoni, akainamia kipaza sauti hadi midomo yake ikakigusa, akanong'ona kama nilivyomfundisha.

"Karibu."

Sikuwahi kufikiria mashine inafanya nini na mnong'ono. Neno lile lilitoka nje kubwa kuliko kelele zote za siku ile, na pumzi yake ndani yake. Lilipita juu ya ghala, juu ya kahawa, juu ya laini zote mbili.

"Nyumbani kuna nani?"

"Mama," alinong'ona. "Na baba. Baba yuko juu. Anakohoa moshi."

Nilisikia bonde likirudisha neno moshi.

Wachumaji walisikia. Waliniambia baadaye kwamba hakuna aliyeinua kichwa. Mama yake alikuwa katikati ya mstari, na mikono yake iliendelea kuchuma, kwa sababu mkono ambao ungesimama ungejibu swali lingine. Nyapara alisikia. Na baba alisikia, pale darini, sauti ya mtoto wake ikimtaja kutoka angani.

Nilimtazama mtu wa kofia nikingoja ainuke. Hakuinuka. Aliandika mstari mmoja, akafunga kijitabu, akakunja miguu. Baadaye ndipo nilipoelewa ni kwa nini hakuwa na haraka. Askari walikuwa tayari wameteremshwa darajani tangu mchana, wamekaa kwenye kahawa chini ya laini, kimya. Hawakujua waingie nyumba ipi. Walichohitaji ni mtu wa kukimbia tu. Yule baba alishuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaelekea mtoni, na akawafikia baada ya hatua zisizozidi mia moja.

Hakuna risasi iliyopigwa. Tulisikia tu lori likiwashwa. Ndani ya ghala msemaji aliwaimbisha watoto wimbo wa kuaga, na wakaimba.

Siku ya nne baada ya hapo mama na msichana walipakiwa pamoja na familia nyingine mbili za laini ya chini, wakapelekwa stesheni ya Nakuru. Nilikwenda kusimama njiani. Mama aliniona. Alimgeuza mtoto uso ili asinione, akamshika hivyo mpaka lori lilipopinda.

Karatasi ya maoni ilikuwa bado mkononi mwangu. Niliandika kwamba filamu haifai. Niliandika kwamba sikuuliza swali lililopaswa kuja kabla ya maswali yangu matatu: mtoto akijibu, ni nani mwingine anayesikiliza? Niliandika kwa kalamu ya wino, kwa herufi zilizosimama vizuri, nikatia sahihi. Memsahibu alisoma, akaigeuza, akatafuta jedwali langu la wiki zilizotangulia.

"Lakini hii namba nasema iko mzuri," alisema. "Wote naongea. Kwanza hapana ongea, sasa naongea. Hii wewe nafanya, ndiyo?"

"Ndiyo, memsahibu."

"Basi."

Aliambatanisha vyote viwili kwa pini, na sina sababu ya kuamini kwamba ukurasa wangu wa mwisho ulitupwa. Nadhani uliwekwa chini ya jedwali, na jedwali ndilo lililosomwa. Lilikuwa safi. Nilikuwa nimelipigia mistari kwa rula.

Miezi miwili baadaye nilipata barua kutoka kwa mwanamke anayetunza watoto wa wafanyakazi kwenye shamba moja la Ndabibi. Hatukujuana. Mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyejifunza ukubwani, kama wangu. Alisema ameonyeshwa jedwali la watoto wangu liwe mfano, na kwamba gari la sinema limeanza kufika kwao. Watoto wake wengi wanaitika vizuri. Lakini wapo kama saba, wa familia fulani, ambao kikaragosi kikipiga hodi wanakaa kama mawe, na ameambiwa awasaidie. Aliniomba, kwa heshima, nimwandikie njia niliyotumia.

Nilimjibu siku ileile. Barua zilikuwa zikifunguliwa wakati huo, kwa hiyo nilichagua maneno ya kazi. Nilimwambia kwamba watoto wengine huchelewa, na wakiharakishwa huharibika. Nilimwambia asiwape kitu kwa kuitika. Nilimwambia asiandike majina ya wanaonyamaza, na kama lazima aandike, aandike kwamba wanatazama sana. Niliisoma barua mara tatu, nikijaribu kuisoma kama yeye, mtu mwenye bidii, aliyefurahi kuulizwa. Niliona kwamba hataelewa. Nikatafuta maneno mengine, na yote niliyoyapata yalikuwa yanaeleweka kupita kiasi kwa mtu mwingine atakayeifungua.

Nikaibandika stempu nikaituma hivyo hivyo. Hakuniandikia tena.